Mgeni wa Mwaka Mmoja

Dominika ya 13 ya Mwaka A
Masomo: 2 Fal 4:8-11, 14-16a, Rum 6:3-4, 8-11, Mt 10:37-42



Wapendwa wasikilizaji, Somo la Kwanza la Dominika ya leo linatuingiza katika nyumba ya mama mmoja wa Shunemu. Jina lake hatuambiwi. Tunaambiwa tu kwamba alikuwa mtu mwenye uwezo, na kwamba kila mara Nabii Elisha alipopita njia ile, mama huyo alimsihi aingie ale chakula. Huo ni ukarimu ambao hata sisi tunaujua: mpita njia hupewa maji, hupewa chakula, kisha husindikizwa. Lakini siku moja mama yule alifanya zaidi. Alimwambia mumewe wamtengenezee mtu wa Mungu chumba kidogo cha juu, wamwekee humo kitanda, meza, kiti na taa, ili kila afikapo apate pa kukaa. Tangu siku hiyo Elisha hakuwa tena mpita njia katika nyumba ile. Alikuwa na mahali pake.

Ningependa leo tutafakari juu ya tofauti hiyo, yaani tofauti kati ya kumkirimu mpita njia na kumpa mtu mahali nyumbani. Mgeni wa siku moja tunammudu. Tunachinja kuku, tunatandika shuka jipya, tunafunga midomo ya watoto, na kesho yake anakwenda zake akitusifu. Mgeni wa mwaka mmoja ndiye anayetupima. Huyo ataona siku ambayo hakuna kuku. Atasikia baba na mama wanapokosana. Atajua kama katika nyumba ile watu husali, au kama rozari imetundikwa ukutani kwa ajili ya wageni tu.

Nasema hivi kwa sababu katika nyakati zetu wageni wa mwaka mmoja wamekuwa wengi. Katika nchi mbalimbali imekuwa desturi kwa kijana aliyemaliza sekondari kukaa mwaka mmoja ugenini kabla hajaingia chuoni au kazini, akiishi na familia ambayo hajapata kuiona. Wako wanaodhani kwamba ni matembezi ya watoto wa matajiri, na pengine kwa baadhi yao ndivyo ilivyo. Lakini mizizi ya desturi hiyo imo katika majonzi ya vita. Shirika la AFS, ambalo chimbuko lake ni madereva waliobeba majeruhi katika Vita Kuu ya Kwanza, lilianza mwaka 1947 kupeleka wanafunzi wakaishi na familia za nchi nyingine. Mwaka 1949 waamini wa Kanisa la Brethren huko Marekani waliwapokea majumbani mwao vijana kutoka Ujerumani. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Ilikuwa miaka minne tu tangu vita imalizike. Machozi yalikuwa hayajakauka, nao wakamwandalia kitanda kijana wa taifa lililokuwa adui, wakamketisha mezani pamoja na watoto wao.

Karibu zaidi na siku zetu, mwaka 2008, serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango uitwao weltwärts, ambao umewaleta vijana wa nchi hiyo hapa Tanzania na kwingineko ili wajitolee, mara nyingi kwa muda wa mwaka mmoja. Na tangu mwaka 2013 mlango wa upande wa pili ulifunguliwa, ili vijana wa nchi zetu nao waende kujitolea Ujerumani. Kwa hiyo leo hii mzazi wa Bukoba au Muleba anaweza kuulizwa maswali mawili ambayo babu yake hakuulizwa: Je, utampokea mtoto wa watu kwa mwaka mmoja? Na je, utamtoa mtoto wako apokewe na watu?

Hata hivyo, tusidhani kwamba jambo hili limeletwa kwetu na ndege. Wazee wetu Wahaya hawakumwacha mgeni akae kinywa kitupu. Walimpa buni za kutafuna, na mwenye kuzikataa alionekana amekataa urafiki. Tena walikuwa na omukago, ule udugu wa damu ambao watu wawili wa koo mbalimbali waliufunga kwa kugawana buni iliyopakwa damu yao. Tangu hapo mgeni hakuwa mgeni. Alikuwa ndugu, mwenye haki za ndugu na wajibu wa ndugu. Nao Wamisionari wa Afrika, waliofika Kashozi mwaka 1892 wakitokea Buganda, walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba waseme lugha ya watu, wale chakula cha watu, na wavae kama wao. Mgeni aliyeagizwa namna hiyo alitumwa kupokea kabla hajatoa.

Sasa twende Goziba. Wengi wenu mnaonisikiliza kutoka Kamachumu, Rubya au Bukoba mjini mnakifahamu kisiwa hicho kwa jina tu na kwa dagaa wake. Ni moja ya visiwa vya Wilaya ya Muleba, mbali ndani ya Ziwa Viktoria, kama vilivyo Bumbire, Kerebe, Ikuza na Mazinga. Huko watu wengi ni wageni. Huyu ametoka Ukerewe, yule Mara, mwingine Geita, mwingine Kigoma. Mhaya, Mjita, Mkerewe na Msukuma wanaanika dagaa mchanga mmoja. Siku zao huhesabiwa kwa mwezi: giza likiingia wanaume huenda ziwani na taa zao usiku kucha, na mbalamwezi ikiwaka wanashona nyavu na kupumzika. Basi tuseme kwamba familia moja ya kigango cha Goziba imeombwa kumpokea kijana wa Ulaya kwa mwaka mmoja. Wampe nini? Mama wa Shunemu ametutajia vitu vinne, na kila kimoja kina fundisho lake.

Kwanza, kitanda. Kitanda ni usalama na pumziko. Mgeni halali mahali anapoogopa. Kijana, na hasa binti, aliyekabidhiwa kwako na wazazi wake ni amana. Mlango wake uwe na komeo, na heshima yake iwe na mlinzi, na mlinzi huyo ni baba wa nyumba. Asiwepo jirani wala ndugu wa kuingia apendavyo kwa kisingizio cha mzaha. Wazazi walioko maelfu ya kilomita hawana macho mengine ya kumwangalia mtoto wao ila macho yako.

Pili, meza. Kwenye meza kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kumlisha mgeni tofauti na watoto wa nyumba: yeye wali na nyama, watoto ugali na dagaa. Tunadhani tunamheshimu, kumbe tunamtenga. Cha pili ni kumzuia asishike kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakuwa wachoyo. Walijua kwamba mtu asiye na kazi nyumbani hana mahali nyumbani.

Nilipokuwa frateri, katika mwaka wa mazoezi ya kichungaji, nilikaa kwa muda katika nyumba ya katekista wa kisiwani. Majuma ya kwanza nililetewa kiti kivulini, na kila nilipoinuka niliambiwa, "Frateri, wewe pumzika." Alasiri moja mawingu yalifunga ghafla, na dagaa walikuwa wameanikwa eneo kubwa. Watu wote walikimbia kuwaanua. Mama wa nyumba ile, akiwa amebeba beseni, aliniona nimesimama, akanipigia kelele kwa sauti ileile aliyowaitia wanawe: "Na wewe, shika turubai!" Nilishika. Tulilowa sote, na dagaa wengi wakapona. Usiku ule sahani yangu haikuwekwa pembeni. Nilikula sinia moja na vijana wa nyumba ile. Nimepewa heshima nyingi tangu nilipopata Daraja Takatifu, lakini sikumbuki nyingi zilizonifurahisha kama kukemewa kule.

Tatu, kiti. Mtu hukalia kiti ili azungumze na ili asikilize. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki karibu miaka 1500 iliyopita, aliagiza katika sura ya 53 kwamba wageni wapokewe kama Kristo mwenyewe. Hayo yanajulikana. Lakini katika sura ya 61 anazungumza juu ya mmonaki mgeni anayetaka kukaa kwa muda mrefu. Huyo, akiona kasoro katika monasteri na kuitaja kwa unyenyekevu na upendo, basi abate ayatafakari maneno yake, maana huenda Bwana amemleta kwa ajili hiyohiyo. Je, sisi tunampa mgeni kiti cha namna hiyo? Kijana akiuliza kwa nini katika nyumba hii wasichana wanaosha vyombo na wavulana wanalala, tutamwambia nyamaza, hizi ni mila zetu? Naye mwenyeji apewe kiti hichohicho. Mwambie mgeni wako waziwazi kwamba hapa kijana humwamkia mzee kwanza, kwamba mavazi fulani yanawaudhi watu, kwamba si vema kumpiga picha mama aliyelowa akianua dagaa bila kumwomba ruhusa. Anayemwogopa mgeni wake hata hamrekebishi hajampokea bado.

Nne, taa. Mama wa Shunemu alitaka mgeni wake aone hata usiku. Taa ni ukweli. Mgeni wa mwaka mmoja asifichwe hali halisi ya nyumba, wala asidanganywe juu ya fedha. Kama mpango uliomleta unatoa posho ya chakula chake, baba na mama waijue, na mgeni ajue kwamba wanaijua. Giza katika mambo ya fedha limeharibu udugu mwingi, hata parokiani. Na taa ni sala pia. Usiache sala ya familia kwa sababu mgeni hasali, wala usimlazimishe. Iache taa iwake mahali pake. Mwenye macho ataiona.

Wapendwa, baada ya vitu hivyo vinne, sharti nitaje adui wa ukarimu, na jina lake linapatikana katika kitabu hichohicho. Katika somo la leo yupo mtumishi wa Elisha aitwaye Gehazi. Leo anasema jambo jema: anamkumbusha bwana wake kwamba mama huyu hana mtoto. Lakini fungueni sura inayofuata, sura ya 5. Mgeni mkubwa kutoka Shamu, Naamani, ameponywa ukoma, na Elisha amekataa kupokea zawadi zake. Gehazi anaona mali inaondoka. Anamkimbilia mgeni njiani, anatunga hadithi ya vijana wawili waliofika ghafla, naye anapewa talanta mbili za fedha na mavazi. Alirudi na fedha ya Naamani, na ukoma wa Naamani ukamshika.

Gehazi yu hai kati yetu. Kijana wa miaka 19 anafika kutoka Ulaya, hajajua hata kusema asante kwa lugha yetu, na tayari mfukoni mwake zimejaa barua: huyu anaomba karo, yule anaomba injini ya mtumbwi, na mwingine, nasikitika kusema, ni kiongozi wa jumuiya anayeomba simu. Shida zetu ni za kweli, sizikatai. Lakini tukimwona mgeni kama mkoba, hatujamwona mgeni. Yesu anasema katika Injili ya leo kwamba anayempokea nabii kwa kuwa ni nabii, na mwenye haki kwa kuwa ni mwenye haki, atapata thawabu. Ampokee kwa jinsi alivyo, si kwa kitu alichobeba. Tazameni mama wa Shunemu. Katika aya ambayo haikusomwa leo, Elisha alimwuliza kama angependa aombewe neno kwa mfalme. Alijibu kwamba yeye anaishi kati ya watu wake, na maana yake ni kwamba hana haja. Huo si utajiri wa mali tu, ni heshima ya mwenyeji. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huponywa na ujio wa mgeni. Haponywi na mkoba wake.

Na wewe kijana wetu unayejiandaa kwenda kukaa mwaka mmoja katika nyumba ya watu, sikiliza Injili inavyoanza leo. Inaanza na maneno mazito: anayempenda baba au mama kuliko Kristo, hamstahili. Bwana hakufundishi kuwadharau wazazi. Anakufundisha kwamba wito unaweza kukutoa mlangoni pao, na kwamba kutoka huko kuna msalaba wake. Mtume Paulo anasema tumezikwa pamoja na Kristo katika ubatizo ili tuishi maisha mapya. Ugenini utaonja kidogo kifo hicho. Uliyekuwa hodari wa kusema utakuwa kama mtoto anayetafuta maneno. Uliyekuwa na jina nyumbani utakuwa huna jina barabarani. Utaogopa baridi, na pengine utakutana na mtu anayekudharau kwa rangi yako. Usikubali kudharauliwa, wala usidhani kwamba nyumba nzima ni huyo mmoja. Bwana aliwaagiza wanafunzi wake katika Injili ya Luka, sura ya 10, wakae katika nyumba iliyowapokea, wale wanachopewa, wasihamehame. Shika agizo hilo. Osha vyombo kabla hujaombwa. Jifunze lugha yao hata wakucheke. Nanyi wazazi, msimgeuze mtoto aliyekwenda kujitolea kuwa mgodi wa kutuma fedha kila mwezi. Posho yake ni ya kujikimu. Mkimdai asiyo nayo, mtamfundisha kusema uongo kule, au kuona haya kurudi huku.

Ndugu zangu, sasa nafikia neno ambalo laniuma zaidi. Injili ya leo haimalizii kwa nabii wala kwa mwenye haki. Inamalizia kwa mdogo, na kwa kikombe cha maji ya baridi. Goziba imezungukwa na maji pande zote, lakini kikombe cha maji safi ya kunywa kina gharama yake: kuna aliyeyachota, kuna aliyetafuta kuni, na kuna aliyesubiri yachemke na yapoe. Je, tunampa nani kikombe hicho?

Maana kila mwaka wapo vijana wengine wanaofika kisiwani kukaa mwaka mmoja, wala hakuna anayewaita wageni. Ni kijana wa kidato cha nne aliyekosa nafasi ya kuendelea, akaacha kwao Ukerewe au Kasulu, akaja kuwa kibarua wa kuvuta nyavu. Anahatarisha maisha yake ziwani usiku, na mchana analala bandani juu ya nyavu. Akipata homa, tajiri anatafuta kibarua mwingine. Ni binti pia, aliyetolewa kijijini akapelekwa Mwanza au Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani. Anaishi na familia mwaka mzima, anawapikia wote, na yeye anakula jikoni peke yake. Hao nao wako mbali na kwao, wanaishi katika nyumba za watu, na wana mama zao wanaokesha wakiwaza. Kama kijana wa Ulaya anastahili kitanda, meza, kiti na taa, kibarua wa Ukerewe anastahili nini? Kitanda chake kiko wapi? Mezani anakaa na nani? Nani amemwuliza jina la baba yake? Nani amempa hesabu ya kweli ya ujira wake? Nyumba yenye ukarimu kwa mgeni mmoja na ukatili kwa mwingine haijaanza bado kuwa na ukarimu.

Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilituambia kwamba Kanisa katika bara letu ni Familia ya Mungu. Katika familia hakuna mtoto wa kulala bandani. Nawaomba, basi, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za visiwani na za bara: juma hili, kabla hamjauliza kama kuna mgeni kutoka ng'ambo, wahesabuni vijana wanaoishi katikati yenu wasio na ndugu. Katekista ajue majina yao. Mmoja wenu amwalike mmoja wao kwa chakula cha Dominika, na mwenye mtumbwi alipe kilichopatanwa.

Hadithi ya mama wa Shunemu ina mwisho ambao wengi hawausomi. Uko katika sura ya 8. Njaa iliingia nchini, na mama yule aliyewahi kusema kwamba anaishi kati ya watu wake, akalazimika kufunga mizigo na kwenda na jamaa yake katika nchi ya Wafilisti. Alikaa ugenini miaka saba. Mwenye nyumba akawa mgeni. Mwenye kutoa kitanda akawa mtafuta kitanda. Aliporudi alikuta nyumba yake na shamba lake si vyake tena, akaenda kwa mfalme kudai haki. Na kwa maongozi ya Mungu, saa ileile Gehazi alikuwa mbele ya mfalme akisimulia mambo makuu ya Elisha. Akamtambua, akasema ndiye huyu. Na vyote vikarudishwa.

Hakuna ajuaye, wapendwa, ni lini yeye au mtoto wake atasimama mlangoni pa watu akiwa na mzigo mmoja na lugha isiyomtosha. Tuombe siku hiyo tukute mama wa Shunemu amekwisha kutandika kitanda na kuwasha taa. Na tuombe, hadi siku hiyo, sisi tuwe mama huyo kwa yeyote ambaye Bwana amemlaza chini ya paa letu mwaka huu.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.